Babu wa Obama alipatikana kitabuni. Wetu wa Nyeri je?

Leo naomba niweke kando habari za simu mpya, kwa sababu kuna jambo limenikera wiki nzima.

Niliketi kuingiza ukoo wetu kwenye programu moja ya nasaba. Hata watu 20 sijafikisha, programu ikaniuliza: hawa wawili si mtu mmoja? Ilikuwa tayari kuwaunganisha. Mmoja ni babu yangu. Mwingine ni babu yake huyo babu. Tuseme wote wawili wanaitwa Mwangi wa Kamau.

Sasa linganisha na Obama. Sisi Wakenya tunaijua sana njia ya Kogelo, lakini upande wa mama yake kuna kijana wa Ireland, Falmouth Kearney, aliyehamia Marekani mwaka 1850 akiwa na miaka 19 hivi. Yuko vizazi 5 juu ya Obama. Mwaka 2007 mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alifuata rekodi za Marekani hadi zikamrudisha Ireland, na kasisi wa Kianglikana, Stephen Neill, akaikuta familia ya Kearney katika vitabu vya kale vya parokia. Kijiji ni Moneygall. Tarehe 23 Mei 2011 Obama mwenyewe alifika huko.

Mtu wa kawaida, aliyeondoka bila cheo wala mali, amepatikana baada ya zaidi ya miaka 150. Kwa nini? Kwanza, kuna aliyeandika. Pili, jina Kearney linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto bila kubadilika. Ukiwa na jina la ukoo, mahali na mwaka, kompyuta inatafuta.

Huku kwetu chini ya Mlima Kenya hilo la pili halipo. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama yake. Wasichana vivyo hivyo: nyanya wa upande wa baba kwanza, kisha wa upande wa mama. Kwa hiyo Mwangi wa Kamau anamzaa Kamau wa Mwangi, naye anamzaa Mwangi wa Kamau. Programu inayodhani jina la mwisho ni la ukoo lazima ipotee.

Wengi husema hapo kwamba desturi yetu haiingiliki kwenye kompyuta. Mimi nasema ni kinyume kabisa. Jina letu ni kielekezi. Nikikupa majina ya watoto wa nyumba moja kwa mpangilio wa kuzaliwa, unaweza kukisia majina ya babu na nyanya zao wote 4 kabla hujafungua kitabu chochote. Jina Kearney halikwambii lolote kuhusu upande wa mama! Ni kweli kuna wanaoitwa majina ya jamaa wengine, kwa mfano babu na nyanya wakishakwisha, kwa hiyo kanuni hii si ushahidi. Lakini ni njia nzuri ya kukagua makosa.

Hata GEDCOM, muundo wa faili za nasaba uliotolewa na Kanisa la Mormoni mwaka 1984, haukatai mambo yetu. Kila mtu ana namba yake, mume mmoja anaweza kuwa na familia kadhaa, na tarehe inaweza kuwa ya kukadiria. Kasoro iko kwetu sisi waandishi wa programu. Tuongeze sehemu 3 tu: nafasi ya kuzaliwa, nyumba ya mama gani, na riika. Mzee akisema babake alitahiriwa na riika la 1940, hiyo tayari ni tarehe.

Sasa vitabu. Misheni za Wakonsolata na ile ya Waskoti kule Tumutumu zilianza kubatiza watu wetu mwanzoni mwa karne ya 20. Ireland inatufundisha jambo hapa: tarehe 30 Juni 1922 jumba la kumbukumbu la Dublin liliteketea, na sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote zikawa majivu. Vitabu vilivyobaki vijijini ndivyo vilivyopona. Kwa hiyo picha za kurasa zikipigwa, nakala moja ibaki parokiani na nyingine iwekwe mbali. Msiniambie "iko kwenye seva" halafu seva ni moja.

Lakini sikubali kila kitu kitupwe mtandaoni. Nyeri mti wa ukoo si mchezo wa Jumapili. Ukianza kesi ya mirathi unaambiwa ulete barua ya chifu inayotaja warithi, na jina lililosahauliwa ni shamba lililopotea. Mashamba mengi yalipimwa na kuunganishwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, baadhi ya wenyewe wakiwa kizuizini. Kuna nyumba ambazo mpaka leo hazitaki kuulizwa nani alikuwa msituni na nani alikuwa homugadi. Kwa hiyo walio hai wafichwe hadi wakubali wenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa, na hata isingetaka, adabu inataka.

Kuhusu ule mti wangu: nilibonyeza "hapana, si mtu mmoja". Nilijua kwa sababu nyanya alikuwa jikoni, nikamuuliza. Bila yeye ningebonyeza "ndiyo", na babu mmoja angefutika kimyakimya.

Kitabu cha parokia kinaweza kungoja skana. Nyanya hawezi. Simu unayo mfukoni, na ina kinasa sauti. Jumapili hii ukienda nyumbani, umefikia babu wa ngapi?