AFYA YETU: Mgonjwa Anayelishwa kwa Mpira

Ndugu msomaji, huenda umewahi kwenda hospitali ukamkuta mgonjwa ana mpira mwembamba puani. Watu wengi hushtuka. Husema, "Huyu hana siku nyingi." Wengine humpa uji kwa siri, kwa kumwonea huruma. Huruma hiyo inaweza kumwua.

Kwa nini anawekewa mpira? Kooni tuna njia mbili. Moja ni ya chakula, huenda tumboni. Nyingine ni ya hewa, huenda mapafuni. Tunapomeza, njia ya hewa hujifunga. Lakini mtu aliyepatwa na kiharusi huenda asiweze kumeza vizuri. Uji huingia njia ya hewa. Anaweza kupaliwa akafa, au akapata homa ya mapafu. Wengine hata hawakohoi. Wewe utadhani amemeza salama, kumbe sivyo.

Mpira hupita puani na kooni mpaka tumboni. Huwekwa na mganga au muuguzi. Yeye huhakikisha kwanza kwamba umefika tumboni. Hata watoto njiti wasioweza kunyonya hupewa maziwa ya mama zao kwa mpira. Basi mpira si dalili ya kifo. Mgonjwa akiweza kumeza tena, mpira hutolewa.

Huenda ukaruhusiwa kurudi nyumbani na mgonjwa wako mtu mzima akiwa na mpira. Usiondoke hospitali kabla muuguzi hajakuonyesha namna ya kumlisha. Kumbuka mambo haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Vyombo vyote viwe safi.

2. Mwinue kichwa na kifua. Usimlishe akiwa amelala chali. Akimaliza kula, akae hivyo kwa muda wa saa moja.

3. Tazama alama ya mpira pale puani. Ikiwa imesogea, usimlishe. Rudi kwa muuguzi.

4. Mpe chakula ulichoagizwa, kwa kiasi ulichoagizwa, polepole. Kiwe chepesi na kimechujwa. Uji mzito huziba mpira.

5. Pitisha maji safi kwenye mpira kabla ya chakula na baada ya chakula.

6. Msafishe kinywa kila siku, ingawa hatumii mdomo kula. Kinywa kichafu huleta maradhi.

Akianza kukohoa sana, kutapika au kupumua kwa shida, acha kumlisha mara moja. Mpeleke hospitali. Mpira ukitoka, usiurudishe mwenyewe, kwani unaweza kuingia mapafuni.

Ndugu msomaji, waeleze jamaa na majirani wanaokuja kumwona mgonjwa. Bibi akija na kikombe cha uji, mshukuru, lakini mweleze hatari yake. Kabla ya kumpa mgonjwa hata kijiko kimoja cha maji, mwulize muuguzi: "Je, anaweza kumeza?" Akisema bado, basi subiri. Kusubiri huko ndiko kumhurumia.