Ayub Ogada hakuanza mikono mitupu

Makala nzuri mwandishi, ila hapo uliposema msanii wa kujitegemea huanza bila chochote, mimi nakataa. Mchukue mwanamuziki wa Kenya, Ayub Ogada. Watu hupenda kusimulia alivyopiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London mpaka waandaaji wa tamasha la WOMAD wakampandisha jukwaani mwaka 1988. Utoto wanauruka. Kazaliwa Mombasa 1956, wazazi wote wanamuziki, na angali mdogo wakaenda naye Marekani walikotumbuiza kwa muziki wa Kijaluo. Hata alipohamia Uingereza 1986 alikuwa ameshapitia African Heritage Band kule Nairobi. Huyo ndiye wa bila chochote?

Na wewe ndugu yangu hapo juu unayesema vijana wa sasa wamerahisishiwa na simu, karibu kwetu Kisauni. Binti yangu anatunga mwenyewe na kurekodi ndani ya kabati la nguo, maana nguo zinameza mwangwi. Anajibana katikati ya mashati ya baba yake, jasho linamtiririka, akifika ubeti wa mwisho jogoo wa jirani anawika, anarudia wimbo wote. Pumzi alifundishwa na bibi yake wa kwaya kabla hajajua kusoma, kwa hiyo simu isijitwalie sifa. Kuimba hakumshindi. Kinachomtoa jasho kuliko kabati ni kusajili nyimbo na kufuatilia malipo yake. Mwandishi, hilo ndilo tuandikie safari ijayo, tena kwa kirefu.