Hesabu inaanza mbele ya primeri

Ndugu wachimbaji, mama na baba wa Kolwezi, Likasi na Fungurume, wote tunajua saa ile ngumu kwa depo. Gunia iko juu ya mizani, mashine imesoma teneri, mnunuzi anaandika namba yake. Sisi tunaangalia kalamu.

Tuchukue mfano. Uko na kilo 400 ya mawe. Kama teneri ni 3 kwa mia, ndani muko kilo 12 ya kobalti. Kama mashine inasema 2 kwa mia, ni kilo 8. Namba moja tu imebadilika, na kilo 4 imepotea. Tena bei inashuka pamoja na teneri. Mwenye kujua hesabu anauliza, anaomba wapime tena, ao anapeleka mzigo wake kwa depo ingine. Mwenye hajue anakunja feza yake na kurudia nyumba kimya. Tuko wengi tulirudia kimya.

Juu ya ile, wazazi wanasema: « Mtoto wangu atasoma, hataibiwa sawa mimi. » Ni neno nzuri. Lakini wengi wetu tunafikiri hesabu ni kazi ya mwalimu wa primeri, na mbele ya pale mtoto ni wa kucheza tu. Hapa sisi tunasema wazi: tukingoja primeri, tunachelewa.

Mwaka 2007, Greg Duncan na wenzake walitoa uchunguzi mkubwa. Walichanga pamoja kazi sita zilizofuata watoto wa Marekani, Uingereza na Kanada tangu wakati wa kuingia masomo. Waliuliza: kati ya vitu mtoto anakuja navyo siku za kwanza, ni kipi kinaonyesha vizuri namna atakavyofaulu kisha miaka? Kujua hesabu ya mwanzo kulishika nafasi ya kwanza. Kujua herufi na maneno kulifuata, kisha uwezo wa kutulia na kusikiliza. Na hesabu ile ya mwanzo ilionyesha hata namna mtoto atakavyojua kusoma.

Nchi zile si Kongo, tunajua. Na kuonyesha si kuhukumu: kuko mtoto anayeanza nyuma na kufika mbele. Lakini hesabu inajengwa sawa nyumba ya matofali. Mtoto asiyeelewa kama 7 inapita 5 atasumbuka na kutoa. Asiyejua kutoa atasumbuka na kugawa. Na asiyejua kugawa, ile « kwa mia » ya teneri itabaki kwake sawa uchawi wa mashine.

Wengine watasema: mtoto wa miaka 4, munataka kumukalisha mbele ya ubao? Hapana. Acheze, lakini acheze na namba. Mwaka 2008, Geetha Ramani na Robert Siegler walionyesha matokeo ya mchezo rahisi sana na watoto wa familia maskini kule Marekani. Ubao ulikuwa na vyumba vilivyopangwa kwa mstari, vimeandikwa 1 mpaka 10. Mtoto anasogeza kitu chake na kutaja kila namba anayopita. Walicheza karibu saa moja tu kwa jumla, iliyogawanywa kwa siku mbalimbali. Watoto wale waliendelea kwa kuhesabu na kulinganisha namba. Wenzao waliocheza ubao wa rangi pasipo namba, hawakuendelea vile.

Ubao ule unaweza kuchorwa na makala juu ya simenti ya nyumba, na kifuniko cha chupa kikatembea juu yake. Mama anayepanga tomati kwa fungu anaweza kuuliza mtoto: « Hii fungu iko na ngapi? Nikitosha moja, inabaki ngapi? » Baba anayekula kalanga na mtoto anaweza kugawa naye moja kwa moja. Na kisolo, mchezo wa wazee wetu, unafundisha kuhesabu mbegu kwa kila shimo. Hakuna hata kimoja kinachoomba feza.

Lakini tusitupe mzigo wote juu ya wazazi. Mama anayesafisha mawe kwa mto tangu asubuhi, mtoto mgongoni na mwingine pembeni ya maji, atacheza saa ngapi? Mtoto yule anahitaji mahali pa kukaa na mwalimu. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua materneli: miaka tatu, kuanzia umri wa miaka 3. Lakini masomo ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya primeri ya serikali. Kwa materneli mzazi analipa, na mchimbaji mwenye watoto wanne anajua atakata wapi.

Feza ya kuanzia haikosi. Tangu Kodi ya Madini ilipobadilishwa mwaka 2018, kampuni inayochimba inapaswa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale, na wajumbe wa wakaaji wako ndani ya kamati inayosimamia feza ile. Tena 15 kwa mia ya redevansi ya madini ni ya komini, sekta ao shefferi ya mahali. Kuko pia ile karatasi ya ahadi za kampuni tunayoita cahier des charges. Hatukatai visima wala barabara. Tunaomba wajumbe wetu waweke pia chumba cha materneli karibu na mahali mama wanafanya kazi, na mshahara wa mwalimu wa kudumu. Jengo pasipo mwalimu ni depo ya mbuzi.

Kwa mkutano unaokuja wa kamati, tuulize bila kuogopa: watoto wa miaka 3 mpaka 5 wako wangapi kwa kartie yetu, na viti vya materneli viko vingapi? Jibu litolewe kwa namba. Na leo magaribi, mbele ya bukari, tuhesabu sahani pamoja nao.