Tunaishia Mstari wa Tisa

Kwenye mikutano ya injili huku kwetu, kuanzia Ogwedhi hadi Awendo, Rongo na Homa Bay, hakuna andiko linalopendwa kama Waefeso sura ya pili, mstari wa 8 na wa 9. Paulo anafundisha pale kwamba wokovu ni zawadi ya Mungu, hupokelewa kwa imani, wala hakuna anayeweza kuupata kwa jasho lake akatamba. Mhubiri akishasoma hufunga Biblia, kinanda huanza kulia taratibu, na watu huitwa mbele kuongozwa sala ya toba. Mstari wa 10 hausomwi. Nao ndio unaokamilisha wazo la Paulo, kwamba Mungu ametufanya upya ndani ya Kristo ili tuishi katika mema aliyotutayarishia tangu mwanzo.

Kwa kuishia mstari wa 9, tumelea maoni ambayo sasa yanarudiwa hata na watu wacha Mungu: kuokoka ni siri ya moyo, ni kati ya mtu na Mungu wake, na anayeuliza habari za matendo anataka kuturudisha chini ya sheria. Ukisema fulani ameokoka lakini hajalipa deni, utajibiwa upesi kwamba usihukumu, sote tunaishi kwa neema. Ninayapinga maoni hayo. Na ninayapinga nikiamini kwa moyo wote kwamba wokovu ni bure. Ni kwa sababu hiyo inaniuma kuona neema ikigeuzwa kuwa mahali pa kujificha.

Tuanze na Paulo mwenyewe, maana ndiye anayeitwa kutoa ushahidi kila mara. Neno lake kali kuliko yote kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani liko katika Wagalatia 2:16. Ukitaka kujua lilitokana na nini, rudi nyuma mistari michache. Petro alikuwa Antiokia, akila meza moja na Wakristo wasio Wayahudi. Wakafika watu kutoka Yerusalemu. Petro akawaogopa, akaanza kujitenga na wale aliokuwa akila nao jana, na Wakristo wengine Wayahudi wakamfuata, hata Barnaba. Paulo angeweza kusema kwamba Petro ni mtume, ameokoka zamani, na mambo ya chakula ni ya mwili tu. Badala yake alimkabili mbele ya watu wote, akamwambia kwamba mwenendo wake haulingani na Injili. Alipokuwa akieleza ubaya wa kitendo kile ndipo akatamka kwamba mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria.

Naomba msomaji akae hapo kidogo. Fundisho ambalo leo linatumika kuwanyamazisha wanaouliza habari za mwenendo, Paulo alilitamka alipokuwa akimkemea mtume kwa sababu ya mwenendo wake. Tena mwenendo wenyewe ulihusu nani anakula na nani, na kabila gani linalionea aibu kabila lipi. Imani peke yake ndiyo iliyowaingiza wote katika nyumba ya Mungu, Myahudi na asiye Myahudi, kwa mlango mmoja. Kwa hiyo aliyejitenga na ndugu yake mezani alikuwa akikana kwa mwili wake kile alichokiri kwa kinywa.

Matendo ya sheria yaliyogombaniwa katika barua ile yalikuwa tohara, vyakula, siku na sherehe; mambo ambayo mtu angeyatumia kujihesabu yuko ndani na mwenzake yuko nje. Yakobo anapodai matendo, katika sura yake ya pili, anamtaja ndugu asiye na nguo wala chakula cha siku ile, ambaye anaagwa kwa maneno mazuri ya baraka na kuachwa na njaa yake. Hayo ni mambo mawili tofauti. Paulo hakuandika popote kwamba kumlisha mwenye njaa ni kujitafutia wokovu kwa jasho. Alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni alijiandika mwenyewe, kwa mkono wake, kuwa mdhamini wa deni lolote alilodaiwa mtu yule. Huyo ndiye mhubiri wa neema.

Sasa tuje Ogwedhi. Asiyepafahamu ajue kwamba soko letu liko pembezoni mwa Kaunti ya Migori. Ukisonga mbele kidogo uko Trans Mara, Kaunti ya Narok. Waluo na Wamaasai wanakutana hapa, na Wakuria na Wakisii hawako mbali. Mahindi yanauzwa, mbuzi wanauzwa, watu wanasalimiana kwa lugha mbili tatu. Mifugo ikiibwa usiku, vijana huamka kufuata nyayo, na nyayo zikifika mpakani ndipo maneno huanza. Makanisa yako upande huu na upande ule. Jumapili sote tunamwimbia Yesu mmoja.

Mzee wa kanisa anayejua kwamba ng'ombe wa jirani wamefichwa kwenye boma la mpwa wake, akanyamaza kwa kuwa aliyeibiwa ni mtu wa kabila jingine, yuko Antiokia pamoja na Petro. Haidhuru anatoka upande gani wa mpaka. Tukimwachia tukisema wokovu wake ni wa moyoni, tunamfanyia asichofanyiwa hata mtume.

Hatuhitaji kutoka nje ya eneo letu kujifunza jambo hili, kwa kuwa Ukristo wa huku ulikuja na kumbukumbu zake. Wamisionari Wamennonite kutoka Marekani walifungua kituo chao Shirati, upande wa Tanganyika, mwaka 1934, na kutoka huko Wamennonite wa Kiluo walivuka mpaka wakaingia Kenya na imani yao. Mwaka 1942 uamsho ulipowaka Shirati, Waafrika na wamisionari waliungamiana dhambi zao, jambo lililokuwa zito katika enzi ya ukoloni. Zedekia Kisare, Mluo aliyekuja kuwekwa wakfu mwaka 1967 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania, alikuwa mmoja wa watu wa uamsho huo. Baadaye Kanisa la Mennonite la Kenya likawa na mradi wake hapa, Ogwedhi-Sigawa, uliowahudumia Waluo na Wamaasai pamoja. Mtu anaweza kuuita mradi wa maendeleo tu. Mimi nauona kuwa Wagalatia sura ya pili ikisomwa kwa vitendo.

Shirati ilikuwa kijito kimoja cha uamsho mkubwa uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Nyanza. Watu wa uamsho huo ndio waliotuachia neno mlokole. Wahubiri wa leo wanawataja kwa heshima, lakini wanasahau walichokuwa wakifanya asubuhi baada ya kuokoka. Walirudisha vitu walivyoiba. Walilipa madeni waliyoyakana. Walikwenda kuomba radhi kwa watu ambao hawakuwa wakisemezana nao. Na hao walikuwa watu wa neema hasa, walioimba damu ya Yesu usiku na mchana. Usingeweza kumshawishi hata mmoja wao kwamba kurudisha kitu cha wizi kunamnunulia mbingu. Walirudisha kwa sababu walikuwa wamekwisha kuokoka.

Ni kweli pia kwamba jambo hilihili liliupasua uamsho huku kwetu. Walokole wa Nyanza waliitwa Joremo, watu wa damu, na baadhi yao walifika mahali pa kumhesabu kila asiyetoa ushuhuda hadharani kuwa hajaokoka. Mwaka 1957 padri Matthew Ajuoga na wenzake, walioitwa Johera, watu wa upendo, walijitenga na Kanisa la Anglikana, wakaanzisha kanisa lao. Lalamiko lao lilikuwa upungufu wa upendo. Sina nia ya kuifungua upya kesi ya wazee wetu. Ninachosema ni kwamba palipohubiriwa damu, swali la upendo lilijitokeza lenyewe na kudai jibu, na watu walikuwa tayari kuhama kanisa kwa ajili yake. Waumini wa Nyanza hawakuwahi kuona kwamba ni swali la kando.

Nichukue sasa kitu kidogo cha sokoni: gorogoro, kile kibati cha kilo mbili tunachopimia mahindi na maharagwe. Kitako chake kikigongwa kwa nyundo kikabonyea kuelekea ndani, gorogoro hujaa haraka, na mnunuzi huondoka na pungufu bila kujua. Akina mama wazoefu hawaulizi bei kwanza. Hulichukua gorogoro, hulipindua, hupitisha kidole gumba kwenye kitako, kisha ndipo wanaanza kuzungumza. Mwenye gorogoro lililogongwa anaweza kuwa alitoa ushuhuda wa machozi Jumapili, na machozi yakawa ya kweli. Lakini mjane anayefika nyumbani na unga usiotosha watoto, tutamwambia nini? Kwamba imani ya yule muuzaji iko salama moyoni? Mjane hana njia ya kuuona moyo. Ameshika kibati. Na Mungu anayeujua moyo ndiye aliyesema katika Mithali 11:1 kwamba kipimo cha udanganyifu ni chukizo kwake.

Zakayo aliujua vizuri mpangilio wa mambo haya. Katika Luka 19 Yesu alijialika nyumbani kwake bila kumpa sharti lolote, na watu wakanung'unika. Neema ilitangulia. Kisha Zakayo akasimama, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Hapo ndipo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu Zakayo juu ya mkuyu, na machache sana kuhusu Zakayo mbele ya wadai wake.

Najua jibu linalokuja: mwizi wa msalabani je? Huyo alifanya tendo gani? Jibu hili huletwa kana kwamba limefunga mjadala. Msome katika Luka 23. Mtu yule alikuwa na mikono na miguu iliyofungwa msalabani na saa chache za kuishi. Katika hali ile alimkemea mwenzake aliyetukana, alikiri kwamba adhabu yao ni ya haki, na alimtetea hadharani mtu asiye na kosa wakati ambapo wanafunzi wengi wa mtu huyo walikuwa wamekimbia. Hayo yote aliyafanya kabla hajaomba akumbukwe. Alikuwa na ulimi peke yake, akautumia wote. Sisi tuna mikono, miguu na miaka, halafu tunajilinganisha naye ili tusifanye lolote.

Wengine wanamleta Martin Luther. Ni kweli mwaka 1522 aliulinganisha Waraka wa Yakobo na majani makavu. Lakini mwaka huohuo, katika dibaji yake ya Warumi, alieleza imani kuwa kitu hai chenye nguvu, kisichoweza kukaa bila kutenda mema. Na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, kwa imani, na kwamba matendo mema hufuata kama matunda yake. Anayewagombanisha bado Paulo na Yakobo anaendeleza vita ambavyo wenye vita wenyewe wamekaa chini wakazungumza.

Huku Nyanza Kusini tuna pia tabia ya kuwasema jirani zetu Waadventista, waliofika Gendia mwaka 1906, kwamba wanataka kuokolewa na Jumamosi. Kanisa lao linafundisha wokovu kwa neema kupitia imani, kama sisi. Nadhani tunapenda kuwasema hivyo kwa sababu kunatupumzisha sisi na swali la siku sita zilizobaki.

Hatari ya upande wa pili ipo, wala siidharau. Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, ilitufundisha mwaka 2023 mahali mtu anapofika akiambiwa kwamba mbingu inafikiwa kwa kujinyima chakula hadi kufa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Pale tendo liligeuzwa kuwa nauli ya mbinguni. Lakini angalia kwamba tendo lile halikumsaidia jirani yeyote. Halikulisha mtu, halikulipa deni la mtu. Na mhubiri anayesema wokovu ni bure halafu akataka sadaka ya “mbegu” ya shilingi elfu tano ili Mungu akujibu, naye anauza. Matendo yanayomsogeza mtu karibu na jirani yake, bila kudai malipo, hayafanani kabisa na biashara hizo.

Kwa tendo la namna hiyo, lisilodai malipo, Wamennonite wanamkumbuka Dirk Willems wa Asperen, Uholanzi. Mwaka 1569 alikuwa akikimbia kukamatwa kwa ajili ya imani yake, akavuka barafu; askari aliyemfukuza akazama. Dirk akarudi, akamtoa majini. Alikamatwa, akachomwa moto. Tendo lile halikumpatia kitu. Lilionyesha tu alikuwa mtu wa namna gani tayari.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji wa Ogwedhi na wa Trans Mara: mkutano ujao someni hadi mstari wa 10. Anayekuja mbele mwongozeni sala, furahini pamoja naye, msimpe masharti. Kisha kabla ya ubatizo kaeni naye, mumwulize anadaiwa na nani, shamba analolima ni la nani, gorogoro lake likoje, na kama ng'ambo ya mpaka kuna mtu anayepaswa kumwendea. Akisema anaogopa kwenda peke yake, nendeni naye.