Nano, mwanga na madaftari ya mjomba

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi, na pia mvua ya Bomet ina tabia ya kuondoka na umeme. Leo naweka programu kando kidogo. Rafiki niliyesoma naye chuoni alinitumia habari kuhusu chembe za nano zinazowashwa kwa mwanga ili kuua saratani ya kibofu cha mkojo, akaandika: "Dawa ndiyo hii, tumepona." Nimesoma yote. Nina la kusema.

Jambo lenyewe ni zuri, hilo nikiri mapema. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mgonjwa hupewa dawa ambayo gizani imelala tu. Ikimulikwa kwa mwanga wa rangi inayofaa, inageuza oksijeni iliyo karibu nayo kuwa sumu inayoua seli pale pale. Chembe nyingine, kama zile za dhahabu, hugeuza mwanga kuwa joto na kuiunguza saratani. Kibofu kinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu ni mfuko wenye mlango: dawa inaweza kuingizwa kwa mpira wa mkojo, na taa ikafuata njia hiyo hiyo.

Wala wazo si la juzi. Kanada iliidhinisha dawa ya Photofrin kwa saratani ya kibofu mwaka 1993. Shida ni kwamba ilisambaa hadi kwenye ngozi, mgonjwa akalazimika kukwepa jua kwa wiki kadhaa (mwambie hivyo mtu anayechuna majani chai karibu na ikweta!), na wengine vibofu vyao vilisinyaa. Nano inajaribu kurekebisha hapo, dawa ifike kwenye seli za saratani na kuziacha zilizo nzima. Ila kwa kibofu, kazi nyingi ya nano bado iko maabara na kwa panya. Kwa binadamu, majaribio ya chembe za dhahabu yaliyochapishwa Marekani mwaka 2019 yalihusu wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume.

Sasa soma hapa polepole. Mwanga hupenya nyama milimita chache tu. Kwa hiyo tiba hii ni ya saratani iliyo bado juu juu, kwenye utando wa ndani wa kibofu. Ikishazama kwenye msuli, taa haiifikii.

Mjomba wangu alikojoa damu kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi. Haikumuuma. Alienda zahanati moja, akaambiwa, "Mzee, kunywa maji mengi," akapewa vidonge. Damu ikakoma, kama inavyokoma mara nyingi yenyewe, naye akarudi shambani. Ikarudi. Akaenda zahanati nyingine, akanunua daftari jipya pale mlangoni, akapewa vidonge vingine. Alipomulikwa kibofu kwa kamera ilikuwa Februari ya mwaka uliofuata, na saratani ilikuwa imeingia kwenye msuli. Tulipomzika, shangazi alinipa madaftari yake. Ni manne. Kila moja linasema ni mara ya kwanza.

Mjomba huyo huyo alikuwa na namba ya mkulima. Kila kilo ya majani aliyopeleka kituoni ilipimwa kwa mizani ya elektroniki na kuandikwa kwa jina lake, mpaka siku ya bonasi. Tunajua alichuna kilo ngapi. Hakuna mahali palipojua kwamba amesema "damu" mara nne.

Na angepatikana mapema asingehitaji nano. Uvimbe wa juu juu hukwanguliwa kupitia kamera ile ile, kisha kibofu hutiwa BCG, chanjo hiyo hiyo ya kifua kikuu tuliyochomwa mkononi tukiwa wachanga. Madaktari wanaitumia kwa kibofu tangu miaka ya 1970.

Msiniambie Bomet haiwezi kutafuta saratani mapema. Hospitali ya Tenwek, ambayo inaijua sana saratani ya umio, ilipima wakazi wapatao 300 wasio na dalili yoyote. Waliwapaka iodini kwenye umio na kuangalia kwa kamera, na matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba karibu mmoja kati ya saba alikuwa na seli zilizoanza kuharibika. Hawakuwa wakijisikia wagonjwa.

Upande wa kompyuta nao tuna historia, tena karibu. Mosoriot, kule Nandi, kituo cha afya cha kijijini kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria ambayo yeyote anaweza kuipakua leo. Utafiti wa Eldoret uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba kompyuta ikimkumbusha daktari kwa karatasi tu, kipimo cha CD4 kinaagizwa mara nyingi zaidi. Karatasi tu, jamani.

Najua mtakalosema. Wengi wanaokojoa damu hawana saratani, na ukiwatuma wote kwenye kamera utawapotezea nauli na kuwatia hofu. Ni kweli, na sina jibu kamili. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nayo ina maswali yake. Lakini sitaki mashine imtume mtu popote. Nataka mhudumu wa tatu ajue kwamba yeye ni wa tatu.

Nimeanza na swali moja la hifadhidata: mgonjwa yule yule, damu kwenye mkojo, mara mbili ndani ya miezi 12, kituo chochote. Ni mistari 11. Wiki hii ninaijaribu kwenye OpenMRS kwa wagonjwa wa kubuni, na tayari imekwama kwenye majina: Kiprotich mmoja ameandikwa kwa tahajia tatu. Kama umewahi kulitatua hilo, niandikie.