Homa si malaria hadi damu iseme

Aghalabu mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe aingiapo zahanati huwa tayari anajua ugonjwa wake. Hasemi mwili unamchemka wala viungo vinamuuma. Husema, "Daktari, nina malaria." Daktari naye, mlangoni kukiwa na foleni ndefu, huliandika neno hilo hilo. Damu ikipimwa, hupimwa ili ithibitishe tu jambo ambalo wawili hao wamekwisha kukubaliana.

Je, ubashiri huo waaminika? Februari 2013 hapa Mombasa waligunduliwa wagonjwa wa homa ambao damu yao haikuwa na vijidudu vya malaria. Maabara ikathibitisha kuwa ni dengue. Watafiti wakaingia nyumba 701, wakawapima watu 1,500, na 210 kati yao wakaonekana wameambukizwa dengue wakati huo au karibuni. Miongoni mwao, 32 waliokuwa wameugua homa walieleza kwamba walitajiwa jina la ugonjwa wao walipokwenda kutibiwa. Thelathini na mmoja waliambiwa ni malaria!

Sisemi haya kuwabeza madaktari. Nasema kama mwalimu wa isimu, kwa sababu sehemu ya kosa imo katika maneno yetu. Homa ni dalili. Malaria ni ugonjwa mmoja tu kati ya mengi yaletayo dalili hiyo. Sisi tumeyafanya mawili hayo kuwa kitu kimoja. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha.

Ajabu ni kwamba wazee wetu walipambanua. Maradhi ya homa na maumivu ya viungo yaliyozuka Unguja mwaka 1870 wenyeji waliyaita kidinga pepo, kama alivyoandika tabibu James Christie aliyekuwako huko. Wako wataalamu wanaoamini kuwa neno dengue lenyewe limetokana na jina hilo. Chikungunya nayo, iliyozuka Mombasa kati ya 2017 na 2018, ina jina la Kimakonde lielezalo mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Ulimwengu umekopa majina kwetu, nasi tumeyasahau.

Usahaulifu huo una gharama. Dawa ya malaria haimfai mgonjwa wa dengue, na akimeza aspirini kutuliza maumivu aweza kuvuja damu. Jirani zake nao hubaki wakitegemea chandarua cha usiku, ilhali mbu wa dengue huuma mchana na huzaliana katika mapipa na mitungi tunayohifadhia maji kwa sababu mifereji imekauka.

Simaanishi kwamba malaria imekwisha. Ingali inaua, na ndiyo maana haifai kukisiwa. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila anayeshukiwa kuwa nayo apimwe kabla ya kupewa dawa. Lakini kupima hakuna maana ikiwa jibu la "hapana" litapuuzwa na dawa zile zile kutolewa.

Basi mgonjwa na aseme, "Nina homa," kisha aeleze anavyojisikia. Daktari naye, damu ikikana malaria, aikubali na aendelee kutafuta. Na serikali ya kaunti ihakikishe kuwa vipimo vya dengue na chikungunya vinapatikana huku bara, ili mkazi wa Likoni asilazimike kuvuka feri kwenda kutafuta jina la ugonjwa wake.