Swali la sita umepata ngapi?

Kama ilivyo ada, tunakutana hapa kukumbushana mawili matatu kuhusu uhusiano wetu. Leo naanzia kwa wanafunzi, lakini kwa wanandoa nitafika. Nivumilie kidogo.

Kila aliyepita shule anaijua hii. Pepa ikiisha, hata wino haujakauka, watu wanajikusanya: "Swali la sita umepata ngapi?" Mwenye jibu linalofanana na la wenzake anashusha pumzi. Mwenye jibu la peke yake anaanza kujisikia homa, hata kama ndiye aliyepata!

Hivi karibuni nililiona hilo kwa macho yangu Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Shule kadhaa za sekondari zilikuwa na mashindano ya Hisabati, na binti wa shangazi yangu, yuko kidato cha pili, alikuwa miongoni mwa walioiwakilisha shule yake. Asubuhi karatasi ya kwanza, mchana karatasi ya pili, katikati mapumziko. Nilimpelekea michembe na karanga, nikawakuta vijana kama kumi chini ya mwarobaini, wamemzunguka kipanga wao wanalinganisha majibu.

Swali lililoleta ubishi lilikuwa hili: bei ya kilo ya pamba imepanda kwa asilimia 20, kisha bei hiyo mpya ikashuka kwa asilimia 20. Je, imeongezeka, imepungua au imerudi palepale?

Kipanga akasema imerudi palepale. Ishirini juu, ishirini chini, ngoma droo. Wote wakaitikia. Binti yetu akasema taratibu, "Mimi nimepata imepungua kwa asilimia nne."

Weee! Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka stendi. "Nne umeitoa wapi wewe?" Hakuna aliyemuuliza amefikaje pale. Akaikunja karatasi yake ndogo ya kukokotolea, akaisukumia mfukoni. Michembe hakuigusa. Akaniambia, "Dada, labda nimekosea njia." Dakika chache baadaye kengele ikagongwa, wakaingia karatasi ya pili.

HESABU ILIVYOKUWA

Jioni mwalimu aliwafanyia maswali yote ubaoni. Chukua kilo kwa shilingi 1,000. Ikipanda asilimia 20 inakuwa 1,200. Sasa ikishuka, ile asilimia 20 haichukuliwi kwenye 1,000 tena, inachukuliwa kwenye 1,200, nayo ni 240. Toa, unabaki na 960. Imepungua shilingi 40, yaani asilimia nne. Kwa mkoa kama Simiyu, ambao pamba ndiyo inayojenga nyumba na kulipa mahari, hizo shilingi 40 si za kuchekea. Mkulima mwenye kilo 500 amepoteza shilingi 20,000 huku akiamini bei iko palepale.

Kumbe binti alikuwa sahihi. Lakini sikiliza kilichoniuma. Kwenye karatasi ya mchana alifuta majibu mawili na kuandika yale aliyodhani wenzake watayaandika. Yote mawili aliyoyafuta yalikuwa sahihi. Akakosa kuingia tatu bora kwa alama chache. Karatasi ya mchana haikuwa ngumu kuliko ya asubuhi, ila aliingia nayo akiwa hajiamini tena.

WENGI WAKISEMA NDIYO

Usidhani haya ni ya watoto tu. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani alitangaza matokeo ya jaribio lake. Aliwaonyesha vijana wa chuo mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine kwa urefu, kitu ambacho hata mtoto angekiona. Katika kila kundi, wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kutoa jibu baya. Takriban robo tatu ya hao wasiojua mchezo walilifuata jibu baya angalau mara moja. Lakini alipopatikana mtu mmoja tu wa kusema ukweli pamoja nao, kufuata mkumbo kulipungua sana. Mtu mmoja tu, msomaji wangu!

Na hapa kwetu tunaye Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa ya moto aliyoweka kwenye friji kutengeneza askrimu yanaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliposema, alichekwa. Baadaye akamuuliza swali hilohilo Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne hakucheka, alirudi akalifanyia majaribio, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kuhusu jambo hilo, lakini jina linalotajwa duniani ni la Mpemba. Waliomcheka nani anawajua?

TUKIRUDI KWETU WATU WAZIMA

Sisi nasi tuna mwarobaini wetu. Ni saluni, ni vijiweni, ni kwenye vikao vya harusi. "Mumeo anakuachia ngapi ya matumizi?" "Mkeo anakupikia mara ngapi?" Mwanamke ametoka nyumbani ana amani yake, anarudi amenuna kwa sababu jibu lake halikufanana na la mashoga zake. Wanafunzi wana nafuu, maana wao walau walipewa maswali yanayofanana. Ndoa kila mmoja ana karatasi yake. Utalinganishaje majibu wakati maswali ni tofauti?

Na ile hesabu ya pamba, jamani, iko ndani ya nyumba zetu. Mwenzako amekukosea, imani yako kwake imeshuka kutoka 100 hadi 80. Akaomba radhi, akaleta kitenge, imani ikapanda kwa asilimia 20. Yeye anahesabu: ishirini chini, ishirini juu, tumerudi palepale, mbona bado umenuna? Lakini asilimia 20 ya 80 ni 16. Uko kwenye 96. Zile nne zilizobaki ndizo zinazokufanya ukeshe macho wazi usiku simu yake ikilia. Huna kisirani, ni hesabu hiyo. Aliyevunja anatakiwa arudishe zaidi ya alichochukua ili mfike mlipokuwa. Kutoka 80 hadi 100 ni asilimia 25, si 20.

SASA UFANYE NINI?

Kwanza, badilisha swali. Badala ya "umepata ngapi?" uliza "umepataje?" Swali la kwanza linatafuta nani wa kumcheka, la pili linatafuta ukweli. Mwulize hivyo mtoto akirudi shule, mwulize hivyo na mwenzi wako mnapotofautiana kuhusu pesa au ukwe.

Pili, karatasi ikiwa imebaki nyingine, usilinganishe. Wazazi na walimu mnaosoma hapa, mapumziko ya mashindano yawe ya kula na kunywa maji. Mjadala mfanye jioni, ubaoni, kila mtu akiwa ameshamaliza.

Tatu, uwe yule mmoja. Somo la Hisabati kwa miaka mingi limekuwa likiangusha watahiniwa wengi wa kidato cha nne kuliko wanaolifaulu, na tunashangaa kwa nini mabinti wetu wanalikimbia. Mmoja tu chini ya mwarobaini ule angesema "hebu tuonyeshe ulivyofanya," binti angeingia mchana na kichwa chake mwenyewe.

Nikupe na habari njema. Amejiandikisha tena kwa mashindano yajayo, na kipanga yule sasa anakwenda kwao jioni wafanye maswali pamoja. Shangazi anasema michembe inaisha haraka siku hizi.

Kwa leo naomba niishie hapa. Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa.